Nondo Jike na Wito Wake: Maelezo juu ya Homoni, Feromoni na Neno "Kipokezi"

Mdudu na wito wake

Nondo ni jamaa ya kipepeo, walakini aghalabu hutembea usiku, na kwa sababu hiyo watu humjua zaidi kwa madhara yake kuliko kwa sura yake. Mkulima humwona kiwavi akitafuna jani la mhindi au akitoboa tumba la pamba. Mwenye nyumba huona vazi lake la sufu limeliwa. Lakini mama wa viwavi hao huonekana pale tu anapoizunguka taa. Yeye mwenyewe hali majani wala nguo. Kazi yake ni kupata dume, kutaga mayai mahali pafaapo, kisha kufa. Maisha yake ni ya siku chache, na katika siku hizo hana budi kujulikana mahali alipo gizani, hata kwa dume aliye mbali naye.

Jinsi anavyojulikana ndiyo habari itakayoelezwa hapa. Ni habari ya elimu ya viumbe, lakini yawahusu pia wale ambao kazi yao ni lugha, kwa maana haielezeki kwa Kiswahili pasipo maneno matatu ambayo kila moja lina mashaka yake: homoni, feromoni na kipokezi. Mtu akiyachanganya maneno hayo, huwa ameichanganya na habari yenyewe.

Miongoni mwa waliolieleza jambo hili mapema ni Mfaransa Jean-Henri Fabre, aliyezaliwa mwaka 1823 na kufariki mwaka 1915. Fabre alimweka nyumbani mwake, kusini ya Ufaransa, nondo jike mmoja wa aina kubwa aliyekuwa ametoka siku ile katika kifukofuko chake. Usiku ulipoingia, madume karibu 40 yalifika kutoka nje, yakaijaza nyumba. Hapakuwa na sauti iliyosikika, wala nuru iliyoonekana, wala pua ya mtu haikunusa kitu. Hata hivyo palikuwa na wito, na madume yaliuitikia.

Wito huo ulipata jina la kikemia mwaka 1959. Adolf Butenandt na wenzake, katika Ujerumani, walitangaza kwamba wameupata umbo lake katika nondo wa hariri, Bombyx mori. Kazi hiyo ilichukua karibu miaka 20, na iliwabidi kukusanya tezi za majike yapatayo 500,000 ili wapate miligramu chache tu za kitu walichokitafuta. Wakakiita bombikoli kwa kufuata jina la mdudu mwenyewe. Ni kileo chenye mnyororo wa atomi 16 za kaboni, chepesi cha kupaa hewani, na kiasi kidogo mno chatosha kumfanya dume apige mabawa na kuanza kumtafuta jike.

Homoni na feromoni

Katika mwaka uleule wa 1959, Peter Karlson na Martin Lüscher walitoa neno jipya kwa vitu vya namna hii: feromoni. Walilitunga kwa Kiyunani, kwa neno lenye maana ya kuchukua au kupeleka, na lingine lenye maana ya kuamsha. Neno homoni lilikuwa limetangulia kwa zaidi ya nusu karne, kwani Mwingereza Ernest Starling alilitumia mwaka 1905, naye alilitoa katika lile neno la Kiyunani la kuamsha.

Tofauti ya maana ni nyepesi kueleza. Homoni hutengenezwa ndani ya mwili wa kiumbe, huchukuliwa na damu, na hufanya kazi yake katika mwili uleule. Feromoni hutengenezwa katika mwili wa kiumbe mmoja, hutoka nje, na hufanya kazi yake kwa kiumbe mwingine wa aina ileile. Kwa mfano wa barua, homoni ni barua ipelekwayo kutoka chumba kimoja hadi kingine cha nyumba moja. Feromoni ni barua ipelekwayo kwa jirani.

Yapasa kuangalia jinsi maneno haya yalivyoingia katika Kiswahili. Katika "homoni" sauti ya r imepotea, kwa sababu neno lilipokewa kama linavyotamkwa na Waingereza wengi, ambao hawaitamki r iliyo mbele ya konsonanti. Katika "feromoni" r imebaki, kwa kuwa yafuatwa na vokali. Lakini hiyo si r ya "kuamsha", bali ni ile ya "kupeleka". Matokeo ni kwamba Mswahili husikia maneno mawili yanayoishia kwa "-moni", naye huweza kudhani kwamba "-moni" ni shina lenye maana yake. Halina. Ni masalio ya neno lililokatwa katikati na watungaji wenyewe kabla halijafika pwani yetu.

Wako waliopendelea "kichocheo" mahali pa homoni. Neno hilo ni zuri kwa sura, kwani lina asili ya kuchochea moto, nalo laeleweka bila mwalimu. Walakini lina kasoro mbili. Kwanza, hutumika vilevile katika kemia kwa kitu kiharakishacho badiliko pasipo chenyewe kwisha. Pili, si kila homoni huchochea. Zipo ambazo kazi yake ni kuzuia. Kwa hiyo "homoni", ijapokuwa ni neno la kuazima lisilojieleza, halimwambii msomaji uwongo.

Kuhusu feromoni, wengine wameridhika kusema "harufu". Hapa pana hatari kubwa zaidi. Harufu, kwa matumizi ya Kiswahili, ni jambo la pua ya mtu. Hata vitenzi vyake humhukumu mtoaji kwa pua hiyo: kitu kibaya hunuka, kizuri hunukia. Feromoni ya nondo hainuki wala hainukii kwa namna hiyo; Fabre hakunusa kitu. Kusema "harufu ya kuvutia madume" kwafaa katika kumfahamisha mtu mara ya kwanza, lakini hakufai kuwa jina.

Mjumbe atokaye kichwani

Tezi itengenezayo feromoni ya nondo jike iko ncha ya tumbo lake, katika ngozi laini iliyo kati ya pingili ya 8 na ya 9. Wakati wa kuita ufikapo, jike hutulia, huisukuma ncha hiyo nje, na feromoni huchukuliwa na upepo. Lakini tezi haifanyi kazi wakati wote. Katika nondo wengi ina saa zake za usiku; mchana hunyamaza; na baada ya jike kupandwa, kazi yake hupungua sana. Nani basi aiambiaye tezi kwamba sasa ni wakati?

Jawabu lilipatikana katika Marekani kwa nondo aitwaye Helicoverpa zea, ambaye viwavi wake hula mahindi. Mwaka 1984 Ashok Raina na Jerome Klun walieleza jaribio lao. Waliwafunga majike uzi shingoni, kati ya kichwa na kifua, hata kisipite kitu kutoka kichwani kwenda tumboni. Majike hayo hayakutengeneza feromoni ingawa usiku ulifika. Kisha majike yaliyofungwa vivyo hivyo yakadungwa maji yaliyotolewa katika bongo za nondo wenzao, na tezi zikaanza kazi. Basi amri ilitoka kichwani, tena ilikuwa ni kitu kinachoweza kuchukuliwa katika sindano.

Mwaka 1989 kitu hicho kilijulikana umbo lake. Ni peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino, na hesabu yake ni 33. Hutengenezwa na seli za neva zilizo katika fundo la neva chini ya umio, kisha huachiliwa katika damu ya mdudu. Kwa kuwa kazi yake ni kuamsha utengenezaji wa feromoni, na kwa kuwa yatoka katika neva, jina lake la kitaalamu ni refu mno. Wataalamu hulifupisha kwa herufi nne, PBAN. Hapa yatosha kuiita homoni ya wito.

Mnyororo huo una jambo litakalowapendeza wanaoshughulika na maneno. Sehemu yenye nguvu si yote 33, bali ni asidi 5 za mwisho: fenilalanini, serini, prolini, arginini na lusini. Kipande hicho peke yake chaweza kuiamsha tezi, ingawa kwa nguvu iliyo ndogo kuliko ya mnyororo mzima. Tena wako wadudu wengi wenye peptidi zinazotofautiana mwanzoni lakini zinazomalizika kwa mwisho huo au unaofanana nao, kama mishororo ya shairi itofautianavyo kwa maneno lakini ikashikamana kwa kina cha mwisho. Katika nondo wa hariri, jeni moja hutoa peptidi 5 za ukoo huo kwa pamoja. Mmojawapo wa ndugu hao, mwenye asidi amino 24, hana kazi ya wito, bali huyafanya mayai yalale wakati wa baridi. Kina ni kimoja. Ujumbe ni mbalimbali.

Wala ubongo hautoi amri kwa saa tu. Mwaka 1992 Raina na wenzake walionyesha kwamba majike ya porini ya Helicoverpa zea huchelewa kutengeneza feromoni mpaka yapate dalili ya mhindi, na miongoni mwa dalili hizo ni gesi ya ethilini itokayo katika mmea. Ni desturi yenye maana: jike haiti mume kabla hajajua kwamba chakula cha watoto kipo.

Kipokezi

Homoni ikiisha kuingia katika damu, hufika kila pembe ya mwili. Walakini tezi ya feromoni huitikia, na viungo vingine vingi havina habari. Sababu yake ni kwamba katika utando wa seli za tezi mna protini iwezayo kuitambua homoni hiyo. Protini hiyo ndiyo kipokezi. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani na Israel, miongoni mwao Russell Jurenka na Ada Rafaeli, walitangaza kwamba wamekipata katika tezi za Helicoverpa zea. Mwaka uliofuata watafiti wa Japani wakakieleza kile cha nondo wa hariri.

Kipokezi hiki ni mnyororo mrefu uliofumwa katika utando wa seli mara 7, ukitoka nje na kuingia ndani kama uzi katika pindo la nguo. Ni wa ukoo mkubwa wa vipokezi ambao hata mwili wa binadamu unao. Jamaa yake wa karibu katika wanyama wenye uti wa mgongo ni vipokezi vya peptidi iitwayo neuromedini U. Homoni hushika upande wa nje. Hapo kipokezi hubadilika umbo, na badiliko hilo huigusa protini nyingine iliyo upande wa ndani. Kisha milango ya kalsiamu hufunguka, na kalsiamu huingia katika seli.

Yanayofuata si mamoja kwa nondo wote. Katika nondo wa hariri, kuingia kwa kalsiamu husababisha matone ya mafuta yaliyowekwa akiba katika seli yavunjwe, na kutokana nayo hupatikana asidi ya mafuta ambayo kimeng'enya cha mwisho huigeuza kuwa bombikoli. Katika Helicoverpa, ujumbe hupitia pia kwa mjumbe wa pili aliye ndani ya seli, aitwaye AMP ya duara. Lakini mlango wa kuingilia ni uleule. Mwaka 2006 Wajapani walithibitisha jambo hilo kwa kuizima jeni ya kipokezi katika mabundo ya nondo wa hariri: walipotoka wakiwa nondo kamili, bombikoli yao ilikuwa imepungua.

Yafaa kutahadharisha hapa. Katika habari ya nondo mna vipokezi vya aina mbili, na mara nyingi huchanganywa. Kimoja kimo katika tezi ya jike, nacho hupokea homoni. Ndicho kinachoelezwa katika makala haya. Kingine kimo katika papasi za dume, nacho hupokea feromoni. Cha bombikoli kilitambuliwa mwaka 2004. Cha kwanza humfanya jike aite. Cha pili humfanya dume asikie. Kwa sababu hiyo haitoshi kuandika "kipokezi" peke yake. Hapana budi kusema ni kipokezi cha nini.

Kipokezi au kipokeo?

Wapo waandikao "kipokeo". Hoja yao ni kwamba vyombo vingi katika Kiswahili huishia kwa -o: kifuniko, kizibo, kipimo, kichocheo. Nacho kipokezi ni chombo. Basi na kiwe kipokeo.

Hoja hii haina budi kupimwa kwa sarufi na kwa maana. Kwa upande wa sarufi, kipokezi si neno geni. Vitenzi kama pokea, lea, tembea na nyoa zamani vilikuwa na l kabla ya vokali ya mwisho. L hiyo imetoweka, lakini ilipokutana na -i ya mtenda iligeuka kuwa z. Ndiyo maana hupatikana mlezi, mtembezi, kinyozi na mpokezi. Kipokezi, basi, kimetoka katika njia iliyokwisha kukanyagwa. Tena kinyozi na kiongozi huonyesha kwamba ki- na -zi huweza kukaa pamoja. Tofauti ni kwamba hao ni watu, na huchukua upatanisho wa watu; kipokezi ni kitu, nacho husema "kipokezi kimefunguka", si "amefunguka".

Kwa upande wa maana, lugha yenyewe imekwisha kuigawanya njia. Mapokezi ni tendo la kumpokea mgeni; mapokeo ni yale yaliyopokewa kwa wazee. Mwisho wa -o hapa waelekea kwenye kitu kilichopokewa, na mwisho wa -zi waelekea kwenye apokeaye. Sasa, protini ile hufanya nini? Kama ingekuwa bakuli tu ambamo homoni hutiwa, kipokeo kingefaa. Lakini sivyo. Ikiisha kushikwa na homoni, yenyewe hugeuka, huigusa protini ya ndani, na kuuanzisha mfululizo mzima wa kazi. Ni mtenda. Kwa hiyo sauti mbili za mwisho wa neno si pambo; zinachukua nusu ya maelezo.

Mfano wa ufunguo na kufuli, ambao hupendwa na vitabu vya shule, wakosa mambo kwa sababu iyo hiyo. Wafundisha vizuri kwamba homoni na kipokezi huoana kwa umbo. Walakini ufunguo hufungua ili mtu apite, na homoni hii haipiti. Hubaki nje ya utando. Mfano ulio karibu zaidi na ukweli umo katika desturi ya nyumba za Waswahili. Mjumbe hubisha hodi mlangoni. Bawabu humtambua, huupokea ujumbe, na yeye ndiye aupelekaye ndani. Mjumbe hakuingia ukumbini, lakini nyumba nzima imekwisha kuamka. Mfano huu wachukua hata jambo la mwisho lililoonekana katika nondo wa hariri: baada ya kazi, kipokezi pamoja na homoni iliyokishika huvutwa ndani ya seli, na mlango hubaki kwa muda bila bawabu, ndipo tezi isiendelee kupokea amri ileile pasipo kikomo.

Maneno haya shambani

Mtu aweza kuuliza kama tofauti hizi zina faida nje ya chumba cha kusomea. Zina faida kubwa. Ndugu wa Helicoverpa zea, aitwaye Helicoverpa armigera, ndiye funza wa vitumba anayewajua wakulima wa pamba wa Afrika ya Mashariki. Viwavijeshi ni watoto wa nondo. Na aina yao iliyotoka Amerika, ambayo iligunduliwa Afrika mwaka 2016, ilifika Kenya na Tanzania katika mwaka uliofuata na kuharibu mahindi mengi. Nondo mdogo wa nyanya, Tuta absoluta, aliyetoka Amerika ya Kusini, amepewa na wakulima wa Tanzania jina la "kantangaze", yaani "kanitangaze". Ni jina lililo sentensi nzima, lenye kitenzi, mtendwa na amri.

Kwa wadudu hao wote hutumika mitego ya feromoni iliyotengenezwa na watu. Katika Tanzania, utabiri wa viwavijeshi umefanywa hata vijijini kwa mtego wa namna hiyo pamoja na kipimamvua. Sasa, mtego huu ukiitwa "dawa", kama ilivyo kawaida ya kukiita kila kitu kitolewacho na bwana shamba, mkulima hutazamia viwavi wafe. Hawafi. Mtego hukamata madume tu. Jike lililokwisha kupandwa hutaga mayai yake kama kawaida. Kazi ya kwanza ya mtego ni kuleta habari: madume yakiongezeka leo, viwavi watafuata baada ya siku kadhaa, nao ndio wakati wa kujitayarisha. Mkulima aliyeelezwa kwamba kilichomo ndani ni feromoni, yaani wito wa jike, huelewa mwenyewe kwa nini majike hayaingii. Aliyeambiwa "dawa" huona amedanganywa, huuvua mtego, na kijiji hukosa habari.

Kipokezi nacho kina matumaini yake. Watafiti, hasa wa Israel, wametengeneza vitu vinavyofanana na homoni ya wito kwa umbo, lakini ambavyo hukishika kipokezi pasipo kukiamsha. Ni kama mjumbe wa uongo asimamaye mlangoni asiseme neno, na kumzuia wa kweli asifike. Jike lenye kipokezi kilichozibwa hivyo huwa bubu: lipo, ni zima, lakini haliiti. Njia hii ni ya maabara zaidi kuliko ya shamba, na shida yake mojawapo ni kwamba peptidi huvunjika upesi katika mwili wa mdudu. Yeyote atakayeieleza kwa Kiswahili hatakuwa na budi kusema kinachozibwa ni nini. Si pua ya dume, wala si tezi yenyewe, bali ni kipokezi cha homoni katika tezi ya jike.

Orodha ya maneno

Feromoni: kitu kitolewacho nje na kiumbe, chenye kubadili mwenendo au hali ya mwenziwe wa aina ileile.

Homoni: kitu kitolewacho ndani ya mwili na kuchukuliwa na damu ili kuamrisha kiungo cha mwili uleule.

Homoni ya wito: peptidi ya asidi amino 33 itokayo katika neva za kichwa cha nondo na kuiamsha tezi ya feromoni.

Kimeng'enya: protini iharakishayo badiliko la kikemia katika kiumbe. Neno latokana na kumeng'enya, yaani kuvunjavunja, lakini vipo vimeng'enya vijengavyo. Matumizi yamekwisha kulikubali.

Kipokezi (vi-): protini itambuayo mjumbe wa kikemia na kuuanzisha mwitikio ndani ya seli. Hutajwa pamoja na kipokewacho: kipokezi cha homoni, kipokezi cha feromoni.

Kuita: tendo la nondo jike la kuitoa nje ncha ya tumbo na kuiachilia feromoni.

Papasi: pembe nyembamba za kichwani mwa mdudu; kwa nondo dume ndizo zenye vipokezi vya feromoni.